Mwongozo: Kupunguza uzito wa picha za vitu vya kale vinavyouzwa mtandaoni

STEMPU ya enzi za ukoloni iliyosahaulika sandukuni mjini Kitui, au postikadi ya reli iliyohifadhiwa nyumbani Makindu, inaweza kumpata mnunuzi Uingereza au Marekani bila mwenyewe kupanda matatu. Hata hivyo, kinachomfikia mnunuzi huyo kwanza ni picha wala si kitu chenyewe.

Picha hiyo ikiwa nzito kupita kiasi, muuzaji hugharimika kuipandisha mtandaoni na mnunuzi huchoka kuisubiri. Ikipunguzwa kiholela, alama zinazoamua bei hutoweka, na biashara huishia kwa malalamiko na mzigo kurejeshwa.

Makala haya yanaeleza uzito wa picha hutoka wapi, na namna ya kuupunguza pasipo kumficha mnunuzi jambo analostahili kuliona.

VITU VINAVYOHUSIKA

Kaunti za Kitui na Makueni zina historia iliyoacha vitu vingi vidogo vinavyotafutwa na wakusanyaji. Reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa Mombasa mnamo 1896 na kufika Ziwa Victoria mwaka wa 1901, ilipitia Mtito Andei, Kibwezi, Makindu na Sultan Hamud, maeneo ambayo leo yamo katika Kaunti ya Makueni. Kitui nayo ilikuwa miongoni mwa vituo vya mwanzo vya utawala wa Waingereza upande wa bara.

Kutokana na hayo, bahasha zenye mihuri ya posta za maeneo hayo, postikadi, barua na picha za zamani bado hupatikana majumbani.

Stempu zenyewe ni za vipindi kadhaa. Kampuni ya Imperial British East Africa ilianza kutoa stempu mnamo 1890. Zile zenye majina ya Kenya, Uganda na Tanganyika kwa pamoja zilianza mwaka wa 1935, na Kenya ikatoa zake yenyewe Desemba 12, 1963.

Kuhusu fedha, kuna noti na sarafu za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, ambayo ilianzisha shilingi ya Afrika Mashariki mwaka wa 1921. Senti kumi yenye tundu katikati ingali inakumbukwa na wazee. Kenya ilianza kutoa noti na sarafu zake mnamo 1966. Hata noti ya Sh1,000 ya toleo la zamani, ambayo ilikoma kuwa fedha halali baada ya Septemba 30, 2019, sasa ni kitu cha kumbukumbu.

Mbali na karatasi na sarafu, Ukambani husifika kwa vyondo vya mkonge, vinyago, na vigoda vya wazee vya miguu mitatu vilivyopambwa kwa nyaya. Hivi haviwezi kulazwa juu ya kioo cha skana, hivyo hupigwa picha kwa simu. Kanuni ya kupunguza uzito, hata hivyo, ni ile ile.

UZITO HUTOKA WAPI

Picha ya tarakilishi ni jamvi la vijiraba vidogo vya rangi viitwavyo pikseli. Kabla ya kubanwa, kila pikseli ya picha ya rangi huchukua baiti tatu: moja ya wekundu, moja ya kijani na moja ya buluu. Kwa hivyo, uzito wa picha ghafi ni idadi ya pikseli ikizidishwa mara tatu.

Idadi ya pikseli huamuliwa na mambo mawili: ukubwa wa eneo linaloskaniwa, na idadi ya nukta ambazo skana husoma katika kila inchi. Kipimo hicho cha pili ndicho huandikwa kwa herufi dpi kwenye programu ya skana.

Mathalan, postikadi nyingi za zamani zina urefu wa takriban inchi 5.5 na upana wa inchi 3.5. Ikiskaniwa kwa nukta 300 kwa inchi, hutoa pikseli 1,650 kwa 1,050, ambazo ni takriban megabaiti 5.2 kabla ya kubanwa. Kwa nukta 600, uzito hufika karibu megabaiti 21. Kwa nukta 1,200, hupanda hadi megabaiti 83.

Ni muhimu kutambua kwamba nukta zikiongezwa maradufu, uzito hauongezeki mara mbili bali mara nne, kwa sababu picha hupanuka kwa urefu na kwa upana pia.

KOSA LA KUSKANI KIOO KIZIMA

Uzito mwingi usio na faida hutokana na kuskani kioo kizima cha skana ilhali kitu chenyewe ni kidogo. Kioo cha ukubwa wa A4 kikisomwa kwa nukta 300 hutoa takriban megabaiti 26. Iwapo juu yake kuna stempu moja ya inchi moja, basi stempu hiyo imepata pikseli 300 kwa 300 pekee. Muuzaji anabeba megabaiti 26 za weupe wa kifuniko, na stempu yenyewe haionekani vyema.

Tiba yake ni rahisi. Programu za skana huwa na hatua ya kuonyesha picha ya majaribio kwanza. Katika hatua hiyo, mtumiaji huchora mstari kuzunguka kitu anachokitaka, akiacha ukingo mdogo, kisha huamuru skana isome eneo hilo tu.

Wanaotumia huduma za saiba wanapaswa kumweleza mhudumu jambo hilo mapema. Saiba zimezoea kuskani vyeti na vitambulisho vikiwa kurasa nzima za PDF, na kwa kawaida tovuti za mauzo hutaka faili za picha. Inafaa kuomba faili ya JPEG ya kila kitu pekee yake.

HESABU YA KUCHAGUA NUKTA

Badala ya kutumia kipimo kimoja kwa kila kitu, muuzaji anafaa kuanzia mwisho na kurudi nyuma. Swali la kwanza ni hili: mnunuzi ataiona picha kwa pikseli ngapi?

Kwa mauzo ya mtandaoni, pikseli 1,600 kwa upande mrefu hutosha. Tovuti ya eBay, iliyoanzishwa Marekani mwaka wa 1995, hudai angalau pikseli 500 kwa upande huo na hupendekeza 1,600 ili mnunuzi aweze kukuza picha.

Basi gawanya 1,600 kwa urefu wa kitu katika inchi. Jibu ndilo idadi ya nukta zinazohitajika, na skana huwekwa kwenye kiwango kilicho karibu nalo:

- Barua ya ukubwa wa A4, karibu inchi 11.7: nukta 150.
- Noti au postikadi, inchi 5 hadi 6: nukta 300.
- Picha ndogo ya pasipoti ya zamani, inchi 2: nukta 800, au 600 pale ambapo 800 haipo.
- Stempu ya inchi moja: nukta 1,200 au zaidi kidogo.

Orodha hii inaonyesha jambo ambalo wengi hulipuuza: kitu kidogo ndicho kinachohitaji nukta nyingi, na kitu kikubwa huhitaji chache. Anayeskani kila kitu kwa nukta 600 hupata barua nzito isiyobebeka na stempu isiyosomeka, yote kwa wakati mmoja.

Aidha, tahadhari inahitajika kuhusu idadi kubwa za nukta zinazotangazwa kwenye makasha ya skana. Baadhi ya viwango hivyo havitokani na jicho la mashine bali hukisiwa na programu, ambayo hujaza pikseli za katikati. Pikseli hizo huongeza uzito pasipo kuongeza hata chembe ya undani.

Wapo pia wanaoamini kuwa picha ya mtandaoni lazima iwe ya nukta 72 kwa inchi. Imani hiyo haina msingi. Kubadilisha nambari hiyo pekee ndani ya faili hakupunguzi hata pikseli moja, wala kioo cha simu hakiitazami. Kinachohesabiwa ni pikseli.

STEMPU NA MENO YAKE

Stempu ni mfano bora wa kuonyesha ni wapi upunguzaji unapaswa kukoma. Stempu za Kenya, Uganda na Tanganyika za enzi za Mfalme George VI, zilizoanza kutolewa mwaka wa 1938 na kuendelea hadi 1954, zilichapishwa mara nyingi, na baadhi yake zilikatwa kwa mashine zenye meno tofauti. Stempu mbili zenye mchoro, rangi na thamani ile ile zinaweza kutofautiana kwa bei mara nyingi, eti kwa sababu ya meno ya ukingoni.

Wakusanyaji huhesabu meno hayo katika kila sentimita mbili. Tofauti inaweza kuwa ya robo ya jino. Picha iliyopunguzwa hadi meno yakawa ukungu humnyima mnunuzi ushahidi huo, naye huchukulia kuwa stempu ni ile ya bei ya chini. Kumbe aliyepunguza uzito amepunguza na thamani.

Kwa sababu hiyo, inashauriwa stempu yenye matumaini ya bei ipewe picha tatu: mbele, nyuma, na moja ya ukingo pekee ikiwa imelazwa kando ya rula yenye milimita. Picha hiyo ya tatu huskaniwa eneo dogo tu, hivyo haiwi nzito ijapokuwa nukta zake ni nyingi.

AINA YA FAILI

Aina tatu za faili hukutana na muuzaji mara kwa mara. TIFF, iliyobuniwa mwaka wa 1986, huhifadhi picha pasipo kupoteza kitu, lakini ni nzito na kwa kawaida vivinjari haviionyeshi. PNG, ya mwaka wa 1996, hubana bila kupoteza na hufaa michoro na maandishi, lakini picha yenye rangi nyingi hubaki nzito ndani yake.

JPEG, ambayo kiwango chake kilikubaliwa mwaka wa 1992, ndiyo inayofaa hapa. Huigawa picha katika vijiraba vya pikseli nane kwa nane, kisha hutupa tofauti ndogondogo ambazo jicho la binadamu halizing'amui kwa urahisi.

Kiasi cha kutupa huamuliwa na mtumiaji. Programu nyingi hutumia kipimo cha 0 hadi 100. Kiwango cha kati ya 75 na 85 huipa postikadi ya pikseli 1,600 faili ya kilobaiti mia chache tu, na jicho halioni kasoro. Kutoka 90 kwenda 100, uzito unaweza kuongezeka maradufu bila faida inayoonekana. Chini ya 60, vijiraba huanza kujitokeza, hasa kuzunguka maandishi ya muhuri wa posta na mistari myembamba ya noti.

Ikumbukwe kwamba JPEG hupoteza kitu kila inapohifadhiwa upya baada ya kurekebishwa. Ndiyo maana faili asili haipaswi kuguswa. Kazi hufanywa kwenye nakala, na nakala ikiharibika hutengenezwa nyingine kutoka kwa ile asili.

Wenye simu za iPhone watambue pia kuwa tangu 2017 simu hizo huweza kuhifadhi picha kwa aina iitwayo HEIC, ambayo si kila tovuti huipokea. Ni vyema kuibadilisha kuwa JPEG kwanza.

MPANGILIO WA KAZI

Hatua zikifuatwa kwa mpangilio ufuatao, uzito hupungua na ubora hubaki:

1. Safisha kioo cha skana kwa kitambaa kikavu. Usisafishe kitu chenyewe, kwani kusugua sarafu au kufuta stempu huharibu thamani.
2. Chagua eneo la kitu pekee, ukiacha ukingo mwembamba ili mnunuzi aone kuwa pembe zote zipo.
3. Skani kwa nukta zilizotokana na hesabu, kisha hifadhi faili asili.
4. Fungua nakala, inyoshe ikiwa imeinama, kisha punguza pikseli hadi 1,600 kwa upande mrefu.
5. Hifadhi kwa JPEG, kiwango cha 80.
6. Ifungue faili hiyo mpya kwa ukubwa wake kamili na uchunguze muhuri, meno, mikunjo na madoa. Kisichoonekana hapo hakitaonekana kwa mnunuzi.

Sheria ya msingi ni kupunguza pikseli kwanza, ndipo ubane. Anayebana sana picha yenye pikseli nyingi kupindukia hupata faili ambayo ni nzito na mbovu pia.

Programu za kazi hii si lazima zinunuliwe. Paint, inayopatikana katika tarakilishi za Windows, hupunguza pikseli. GIMP hutolewa bure na humruhusu mtumiaji kuchagua kiwango cha mbano. Squoosh, iliyotolewa na Google mwaka wa 2018, hufanya kazi ndani ya kivinjari na kuibana picha kwenye kifaa cha mtumiaji mwenyewe, hivyo haimtozi data ya kuipandisha kwanza.

Anayeskani noti za kisasa asishangae programu ikikataa. Tangu toleo la mwaka wa 2003, Photoshop hutambua noti za nchi nyingi na kugoma kuzifungua, ili kuzuia ughushi.

SARAFU, VYONDO NA VINYAGO

Skana nyingi nyembamba za siku hizi huona vyema kile tu kinachogusa kioo. Sarafu, ambayo sura yake imeinuka na nyingine kuzama, hutoka ikiwa na giza au ukungu. Simu iliyoegemezwa mahali imara, karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, hutoa picha bora zaidi.

Picha ya simu yenye pikseli milioni 12 huwa na pikseli 4,000 kwa 3,000 na inaweza kufikia megabaiti tatu, nne au zaidi. Ikipunguzwa hadi 1,600 kwa 1,200, hubaki na chini ya sehemu moja ya sita ya pikseli zake.

Mandhari ya nyuma nayo ina uzito wake. Kiondo kilichowekwa juu ya nyasi hutoa faili nzito kuliko kiondo hicho hicho juu ya shuka la rangi moja, kwa kuwa JPEG hulazimika kuhifadhi kila unyasi. Shuka jeupe au la kijivu hupunguza faili na wakati huo huo humwonyesha mnunuzi ususi bila kumvuruga macho.

GHARAMA KWA HESABU

Tuseme muuzaji ana vitu 20, kila kimoja na picha nne. Kila picha ikiwa megabaiti nne, jumla ni megabaiti 320. Zikipunguzwa hadi kilobaiti 300 kila moja, jumla ni megabaiti 24.

Katika mtandao unaopitisha megabiti moja kwa sekunde, mzigo wa kwanza huchukua zaidi ya dakika 42. Wa pili humalizika kwa takriban dakika tatu na robo. Megabiti na megabaiti zisichanganywe: megabaiti moja ni megabiti nane.

Kwa aliye Mutomo au Kyuso anayetegemea bando la simu, tofauti hiyo ndiyo huamua kama bidhaa zote zitapanda mtandaoni kwa siku moja, au kama bando litaisha zikiwa nusu.

WHATSAPP NA SIRI ZA FAILI

Wengi huwatumia wanunuzi picha kwa WhatsApp. Huduma hiyo hubana picha yenyewe, na ijapokuwa mwaka wa 2023 iliongeza chaguo la picha za ubora wa juu, mbano bado upo. Mnunuzi akitaka kuona meno ya stempu, afadhali atumiwe faili kama waraka, kwani hapo haibanwi.

Fauka ya hayo, picha ya simu inaweza kubeba ndani yake mahali ilipopigwa, kwa vipimo vya setilaiti. Anayeuza vitu vya thamani akiwa nyumbani anaweza kumwelekeza mwizi mlangoni pake bila kujua. Inafaa kuzima utambuzi wa mahali katika kamera, au kuchagua kufuta maelezo hayo wakati wa kuhifadhi nakala. Faili nayo hupungua kidogo.

UAMINIFU NA SHERIA

Kupunguza uzito si kupamba. Kuondoa doa, kuziba tundu au kung'arisha rangi iliyofifia ni kumdanganya mnunuzi, na tovuti nyingi humruhusu arudishe kitu kisicholingana na maelezo. Mkunjo ulioonyeshwa wazi hupunguza bei kidogo. Uliofichwa hupoteza bei yote pamoja na nauli ya posta.

Hali kadhalika, si kila kitu cha kale kinaruhusiwa kuuzwa nje. Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka wa 2006 hudhibiti usafirishaji wa vitu vya kale, wakiwemo vile vilivyotengenezwa nchini au kuingizwa kabla ya 1895, na huhitaji kibali. Anayemiliki kigoda au chombo kinachodhaniwa kuwa cha karne ya 19 anapaswa kuwauliza Makavazi ya Kitaifa ya Kenya kabla ya kukitangaza.

Pembe za ndovu hazina mjadala. Biashara yake ya kimataifa ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa 1989, na sheria ya Kenya ya wanyamapori ya mwaka wa 2013 hutoa adhabu kali. Bangili au kinyago cha pembe kisiskaniwe wala kutangazwa, hata kama ni urithi wa familia.

Mwisho, faili asili zihifadhiwe hata baada ya kitu kuuzwa. Ziwekwe mahali pawili, mathalan kwenye tarakilishi na kwenye kijiti cha kumbukumbu, zikiwa na majina yanayoeleweka: kitu, mwaka na mahali kilipotoka. Bahasha yenye muhuri wa Kibwezi ikishapelekwa ng'ambo, haielekei kurudi. Picha yake nzito, ile ambayo mnunuzi hakuhitaji kuiona, ndiyo kumbukumbu pekee itakayosalia Makueni.